Barua Iliyolala Kwihara

Wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana mliopanda kutoka mashimoni mkiwa bado na vumbi la mwamba mikononi:

Mtu asimamaye juu ya mteremko huu wa Sekenke akaelekeza uso magharibi, huiona mbuga ya Wembere ikitandaa hata macho yakachoka, na ng'ambo yake, upande wa Tabora, ndiko ulikolala mfuko wa barua ambao habari yake nimekuja kuisimulia, kwa kuwa ndani yake umo ugonjwa ninaouhofia katika utumishi wa umma kuliko hata wizi.

Mwezi wa Novemba 1870, Dr. John Kirk wa ubalozi wa Uingereza huko Unguja alituma bara msafara wenye vifaa na barua za Dr. Livingstone, mmisionari na msafiri wa bara, zimfikie Ujiji. Henry Morton Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta Livingstone, aliandika kwamba msafara ule ulikaa Bagamoyo takriban siku 100, ukang'oka pale tu iliposikika kuwa Kirk mwenyewe yu njiani kuja. Baadaye mfuko ukalala Kwihara, karibu na Tabora, hata Stanley alipouchukua, na Livingstone mwenyewe alipoufungua huko Ujiji, akaanza kusoma barua za watoto wake, ulikuwa umepita mwaka mzima tangu tarehe iliyoandikwa juu yake. Vita vya Mirambo, mtemi wa Urambo, vilikuja kuziba njia, na kwa hilo simlaumu mtu. Bali siku 100 za Bagamoyo, kama Stanley alivyozieleza, hazikuwa na vita. Hakuna aliyeiba waraka, walakini mzazi alidhulumiwa.

Katika zama zizo hizo, huko Marekani, Montgomery Blair, wakili aliyesimama mbele ya Mahakama Kuu kumtetea Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake, aliteuliwa na Rais Lincoln mwaka 1861 kuwa mkuu wa posta. Kabla ya hapo stempu ililipia safari ya barua kutoka ofisi hadi ofisi tu, na raia wa mjini ama aliifuata mwenyewe, ama alimlipa tarishi ziada. Lakini tangu tarehe 1 Julai 1863, ilhali nchi ikiwaka vita, matarishi wa mshahara walianza katika miji kuzifikisha barua milangoni bila malipo mengine. Hapo ofisi ilimwendea raia, naye raia hakuwa tena mwombaji wa kilicho chake.

Wala tusidhani adabu hiyo ilikuwa ya ng'ambo peke yake. Livingstone alipofariki mwezi Mei 1873, watumishi wake Susi na Chuma pamoja na wenzao waliichukua maiti yake na maandishi yake wakashika njia ya pwani. Na walipofika Unyanyembe, nchi ya Tabora, Luteni Cameron wa Uingereza akawapa rai wamzike papo hapo, walikataa, wakaendelea, na mbele walipozuiliwa wasipite na maiti waliifunga mfano wa robota la nguo, hata wakawasili Bagamoyo Februari 1874. Hawakuwa na cheo, wala lakiri ya serikali. Walikuwa na dhima, nayo iliwatosha.

Sisi wa Sekenke, ambao dhahabu yetu ilipigwa sarafu ya rupia 15 huko Tabora mwaka 1916, twajua sana kupima chembe mizanini mbele ya mashahidi. Lakini siku za mjane angojaye barua ya kiwanja chake, na za kijana angojaye jibu la leseni ya uchimbaji, hizo hatuzipimi, na karatasi zao hulala katika mtoto wa meza kama mfuko ule ulivyolala Kwihara. Aliyeziweka humo aghalabu si mwizi, naye hulala usingizi akijiona mwadilifu.

Basi ombi langu kwa mtendaji na halmashauri ya kijiji ni daftari moja, lenye tarehe ya kupokea na tarehe ya kujibu, likae juu ya meza, kila apitaye alifunue, na ukurasa wa kwanza uandikwe leo, kabla jua halijazama Wembere.