Utingo, Lori la Chama na Maswali ya Barabarani
(Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa makatibu wa vyama vya msingi)



Katika chama kimoja cha wakulima wa pamba, dereva aliugua katikati ya msimu wa ununuzi. Ghala lilikuwa limejaa, na utingo alikuwa amelisogeza lori uwanjani kwa miaka mingi bila kugusa hata nguzo. Halmashauri ikamkabidhi ufunguo. Kabla ya kufika kwenye kinu cha kuchambulia pamba alisimamishwa na askari wa usalama barabarani, akaulizwa leseni. Lori likalala kituoni pamoja na mzigo wake.

Hasara ya siku zile ilikuwa ndogo ikilinganishwa na ile ambayo ingeweza kutokea. Gari la chama hukatiwa bima kwa fedha za wanachama, lakini bima ya gari hudai dereva awe na leseni halali. Lori likipinduka mikononi mwa asiye na leseni, kampuni yaweza kukataa kulipia matengenezo, na deni likabaki kwa wenye pamba. Mihtasari mingi ya halmashauri hujadili chai ya wageni kwa kirefu. Leseni ya dereva haitajwi.

Halmashauri ile iliamua utingo afanye jaribio. Usukani aliujua, ila maswali yalimshinda. Alikuwa ameazima daftari la mwenzake lenye majibu, akayakariri kwa mpangilio wake. Maswali yalipokuja kwa mpangilio mwingine, akapotea.

Katibu wa chama hicho hakumlaumu. Kila jioni, mizani ilipofungwa, walikaa pamoja kwa muda mfupi, wakachora kwa chaki nyuma ya mlango wa ghala. Walianza na maumbo, si majina. Pembetatu yenye ukingo mwekundu, ncha ikiwa juu, huonya: kuna kona, watoto wa shule au njia ya reli mbele. Pembetatu iliyogeuzwa ncha chini huamuru kumpisha mwingine, na hapo ndipo utingo alipokosea mara ya kwanza, kwa kuwa aliziona zote mbili kuwa kitu kimoja. Duara lenye ukingo mwekundu hukataza. Duara la buluu huagiza la kufanya. Alama ya kusimama ina pembe nane, hata ikichakaa rangi hutambulika. Mtu aliyeshika maumbo haya aweza kuifasiri hata alama ambayo hajawahi kukutana nayo.

Mwendo ulihitaji kazi zaidi. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, pamoja na marekebisho yake, imeweka kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kilomita 80 kwa magari yenye uzito unaozidi kilo 3,500. Utingo alizitamka namba hizo bila kosa, lakini hazikumwambia kitu. Ndipo katibu akampeleka uwanjani na kamba ya kupimia. Kwa kilomita 50 kwa saa gari hukata karibu mita 14 katika sekunde moja. Kwa kilomita 80, mita 22. Walipiga vigingi viwili, wakasimama katikati yake. Sekunde moja ni muda wa dereva kushtuka tu, kabla mguu haujagusa breki. Baada ya hapo lori lililosheheni marobota huendelea kuserereka, na barabara ikilowa huserereka zaidi. Tangu jioni ile hakusahau tena swali la kuacha nafasi nyuma ya gari lililotangulia.

Mengine yalikwenda haraka: kukaa kushoto, kupita gari jingine kwa upande wa kulia, kuwapisha watokao kulia kwenye mzunguko, kusimama na kutoa taarifa polisi ajali itokeapo.

Mara ya pili alifaulu maswali. Hata hivyo, hakurudi na ufunguo wa lori mfukoni. Mwanafunzi huweka herufi L mbele na nyuma ya gari, akakaa ubavuni mwa mwenye leseni, mpaka afaulu barabarani kwa daraja la gari analokusudia kuliendesha. Leseni ya pikipiki haitoshi kwa lori. Katibu amefungua ukurasa katika daftari la gari: jina la dereva, daraja la leseni, tarehe ya kwisha kwake, na mkabala nayo tarehe ya kwisha kwa bima. Ada ya mafunzo ya utingo imeingizwa katika makisio ya msimu ujao, chini ya matairi.