Picha Moja kwa Watazamaji Wengi: Kutafuta Kasoro Katika Ruta ya Televisheni ya Intaneti

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Mfangano)

Mada ya leo ni hii: kwa nini televisheni ya intaneti inakataa kuonyesha picha, au inaonyesha kidogo kisha inakwama, na hali ruta inawaka taa zake zote kama kawaida?

Kuna mtu atauliza, hayo ni ya mafundi, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu ya pesa. Kumwita fundi avuke kutoka Mbita ni nauli ya kwenda na kurudi, chakula chake, na malipo ya kazi. Akifika akasema, "Nunueni ruta nyingine," mweka hazina anafungua sanduku. Na mara nyingi ruta yenyewe ni nzima kabisa. Kilichoharibika ni mpangilio wake tu. Kikundi kinachojua kuuliza maswali manne matano kabla ya kupiga simu kitaokoa pesa za karo, za nyavu na za dawa ya mifugo.

Picha husafiri vipi?

Tuchukue mfano wa mwenyekiti mwenye habari ya kuwapa wanachama 20. Anaweza kuandika barua 20 na kumpelekea kila mmoja yake. Hiyo ndiyo njia ya mtu kwa mtu, na ndivyo video nyingi za simu zinavyokuja. Anaweza pia kusimama sokoni Sena apige kelele, asikie anayetaka na asiyetaka. Hiyo ni njia ya kutangazia wote. Njia ya tatu ni hii: anaandika barua moja tu, inapita njia kuu, na inanakiliwa pale tu njia inapogawanyika, kuelekea nyumba zilizojiandikisha. Asiyejiandikisha hasumbuliwi. Njia hii ya tatu wataalamu wanaiita multikasti. Sisi tuiite kutuma kwa kundi.

Faida yake ni kubwa. Picha ya kawaida ikitumia megabiti 2 kwa sekunde, saa moja ni kama megabaiti 900. Simu 20 zikitazama kipindi hicho hicho kwa njia ya mtu kwa mtu, hapo ni gigabaiti 18 kwa saa moja. Kwa kutuma kwa kundi, kwenye njia kuu inapita nakala moja, zile megabaiti 900 peke yake, wawe watu wawili au ishirini.

Sisi wa Mfangano tunaielewa hesabu hii kwa redio. Kituo cha Ekialo Kiona, jina ambalo kwa Kisuba maana yake ni dunia nzima, kilianzisha redio ya jamii hapa kisiwani. Mtambo wa redio hautumii stima zaidi kwa sababu wasikilizaji wameongezeka. Intaneti haikuzaliwa na tabia hiyo, ilibidi ifundishwe. Kanuni zake zilichapishwa mwaka 1989 na Steve Deering, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Machi 1992 zilitumika kupeleka sauti za mkutano wa wahandisi mjini San Diego kwa wenzao waliokuwa mbali.

Daftari la ruta

Ruta itajuaje nani amejiandikisha? Ina daftari. Herufi nne mtakazoziona kwenye skrini ya mipangilio ni IGMP, nayo ndiyo kazi ya kuita majina. Televisheni ikitaka kipindi, inapeleka ujumbe: "Niandike katika kundi fulani." Kila kundi lina anwani yake, na nambari ya kwanza ya anwani hiyo huwa kati ya 224 na 239. Halafu baada ya muda ruta inauliza, "Nani bado anatazama?" Kwa kawaida inauliza kila sekunde 125. Asipojibu mtu mpaka sekunde 260 zipite, yaani dakika nne na sekunde ishirini, jina la kundi linafutwa na picha inakatwa. Shikeni sana hesabu hiyo, itatusaidia mbele.

Swali la kwanza: picha yenyewe inatoka wapi?

Kabla ya kugusa kitu, ulizeni swali hili. Kama mnatazama kwa bando la simu, video za kawaida za intaneti zinakuja kwa njia ya mtu kwa mtu. Hapo hata mkibadilisha mipangilio ya IGMP kutwa nzima hamtapata kitu, kwa maana haitumiki. Kukwama kwake ni kwa sababu ya bando kuisha, mnara kulemewa, au mtandao kuwa dhaifu. Dawa ni kupakua kipindi mara moja, usiku au alfajiri wakati watu ni wachache, kisha kukionyesha wote kwenye skrini moja.

Kutuma kwa kundi kunapatikana mahali pawili. Pa kwanza ni kwa kampuni za kebo za nyumbani ambazo zinapeleka televisheni yao kwa njia hiyo. Pa pili, na hapa ndipo panapotufaa sisi, ni ndani ya boma letu wenyewe: kompyuta ya kikundi inatuma somo la ufugaji wa samaki au la usafi wa maji, na madarasa yote yanalipokea bila kutumia hata shilingi ya bando. Programu ya VLC, ambayo ni ya bure, inaweza kutuma na kupokea. Lakini kumbukeni: kuonyesha hadharani filamu au mpira wa wenyewe kunahitaji ruhusa yao. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001.

Basi angalieni anwani ya kipindi. Ikianza na nambari kati ya 224 na 239, kwa mfano 239.1.1.1, ni ya kundi na tuendelee. Ikiwa si hivyo, kasoro itafutwe kwingine.

Swali la pili: moto uko?

Hapa kwetu wengi tunatumia sola. Jioni betri ikishuka, ruta inazima na kuwaka yenyewe, na kila ikiwaka inakuwa imesahau daftari lote. Mtazamaji anaona picha imekwama, anadhani ni mtandao. Someni maandishi chini ya ruta: nyingine inataka volti 12, nyingine 9, nyingine 5. Adapta iwe yake. Kama picha inakufa jioni tu na mchana ni nzuri, msiende kwenye mipangilio, nendeni kwenye betri.

Swali la tatu: kasoro iko upande upi?

Chukueni kompyuta moja, iunganisheni kwa kebo pale pale picha inapotoka, kabla ya ruta. Ikionyesha vizuri, mtumaji ni mzima na kasoro iko kwenye ruta au mbele yake. Isipoonyesha, kasoro iko kwa mtumaji. Jambo hili dogo linapunguza kazi nusu.

Sasa tuangalie dalili, moja baada ya nyingine.

Dalili ya kwanza: hakuna picha kabisa nyuma ya ruta. Ruta nyingi hazipitishi vipindi vya kundi kutoka upande mmoja hadi mwingine mpaka ziambiwe. Tafuteni kwenye mipangilio IGMP proksi, muiwashe. Huyu proksi ni kama mjumbe: anakusanya maombi ya nyumbani na kuyapeleka upande picha inakotoka. Lazima ajue upande huo ni upi. Akielekezwa upande usiofaa, atabeba maombi kwa bidii na hayatafika.

Kama mjumbe yuko na bado hakuna picha, mlinzi wa ruta anaweza kuwa amefunga mlango. Kila ruta ina fayawoli ya kuzuia wageni. Iruhusu ujumbe wa IGMP, na iruhusu vipande vya picha vinavyokwenda kwa anwani za kundi. Msiizime yote, maana hapo mtakuwa mmefungua mlango kwa kila mtu. Tena ruta nyingine huchunguza kama mtumaji amekuja kwa njia ambayo yenyewe ingetumia kumrudia. Ikiona anwani ya mtumaji ni ngeni kwa upande ule, inatupa vipande kimya kimya. Dawa ni kuiongezea ruta njia ya kuelekea kwa mtumaji, au kuandika anwani zake katika orodha ya wanaoruhusiwa.

Kuna jambo moja upande wa mtumaji. Kila kipande cha picha hubeba hesabu ya ruta kinazoweza kuvuka, nayo inaitwa TTL. Ikiwa 1, kipande kinaishia kwenye ruta ya kwanza, hakivuki. Kwenye kompyuta inayotuma, wekeni 4 au 5.

Dalili ya pili: picha inakuja safi, halafu inakatika baada ya dakika mbili tatu au nne. Mkitoka na kuingia tena kwenye kipindi inarudi, kisha inakatika vile vile. Hapa kumbukeni zile sekunde 260. Watu wamejiandikisha vizuri, ila wito wa majina hauendi, au majibu hayarudi. Mara nyingi ni swichi yenye kazi ya IGMP snupingi, yaani kusikiliza nani anataka nini, lakini hakuna kifaa chochote kinachouliza. Swichi haisikii wito, inafuta majina. Washeni kazi ya kuuliza kwenye ruta au kwenye swichi moja. Hakikisheni pia fayawoli haizuii wito huo. Na kama vifaa ni vya miaka tofauti, vinaweza kuwa havielewani lugha: toleo la pili la IGMP ni la mwaka 1997, la tatu ni la 2002. Jaribuni kuviweka vyote kwenye toleo la pili.

Dalili ya tatu: mtu mmoja akifungua televisheni, intaneti ya wengine wote inalala. Hapo swichi haisikilizi, inamwaga picha kwenye kila mlango kama yule wa sokoni. Washeni snupingi.

Dalili ya nne: kwa kebo ni nzuri, kwa waifai inakatika vipande vipande. Waifai ina tabia yake. Ikituma kwa kundi, inatumia mwendo wa chini ili hata simu iliyo mbali isikie, na kipande kikipotea hakirudiwi. Ruta nyingine zina mpangilio wa kugeuza picha ya kundi iwe ya mtu kwa mtu hewani. Uwasheni kama simu ni chache. Zikiwa 20, mmerudi kwenye barua 20, na hewa itajaa. Hapo ni afadhali kupunguza ukubwa wa picha, au kuvuta kebo mpaka skrini moja kubwa na watu wakae pamoja.

Namna ya kufanya kazi hii

Haraka haraka haina baraka. Badilisheni jambo moja tu, mjaribu kwa dakika tano kamili, ili zile dakika nne zipite. Likifaulu, liandikeni katika daftari la kikundi pamoja na tarehe. Lisipofaulu, lirudisheni lilivyokuwa, ndipo mguse lingine. Anayebadilisha mambo matano kwa mpigo, hata akifaulu hajui lililomponya. Kabla ya kuanza, hifadhini nakala ya mipangilio, na nywila ijulikane na watu wawili wa kuaminika. Tena msimruhusu mtu kuchokonoa kile kitundu cha nyuma kwa kijiti. Kitundu hicho kinafuta kila kitu mlichopanga.

Mkimaliza yote na bado kuna giza, sasa mwiteni fundi. Mtamwambia, "Kwa mtumaji inaonyesha, nyuma ya ruta inakatika baada ya dakika nne." Fundi akisikia hivyo atajua aanzie wapi, na pengine atawaelekeza kwa simu bila kupanda mashua.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Vipindi tunavyotazama sasa vinakuja kwa njia ipi? Tunajuaje?
2. Nani kati yetu anaweza kutunza daftari la ruta, na nani atakuwa msaidizi wake?
3. Mwaka jana tulitumia pesa ngapi kwa bando na mafundi? Ni masomo gani tungeweza kuyahifadhi na kuyatuma sisi wenyewe hapa hapa?

Mwenye swali na aulize.