Kutembea Upesi ao Kukimbia Pole Pole?

Wamama wapendwa, wengi munauliza: "Kutembea upesi na kukimbia pole pole, si ni kitu kimoja?" Hapana. Anayetembea, hata kwa haraka sana, mguu mmoja unabaki chini siku zote. Anayekimbia, hata pole pole, anaruka kidogo: miguu yote miwili inaacha udongo, kisha mguu mmoja unapokea uzito wake mara mbili ao zaidi. Magoti, mgongo na tumbo la chini vinasikia uzito ule.

Basi mwenye mimba asianze kukimbia sasa, atembee. Aliyezaa angoje miezi 3. Na wewe ambaye mkojo unakutoka ukikohoa, usione haya, utuambie. Na wewe tembea kwanza.

Kipimo ni pumzi. Ukiweza kuongea na mwenzako lakini kuimba kunakushinda, mwendo ni mzuri. Fanya dakika 30, siku 5 kwa juma. Mwenye afya akikimbia, dakika 75 kwa juma zinamtosha. Njia zote mbili zinasaidia moyo, na kushusha damu inayopanda na sukari.

Mama unayetoka Kavimvira mpaka Mulongwe kwa miguu, kazi hiyo umekwisha kuianza. Lakini beseni ya ndagala kichwani ni mzigo, si mazoezi. Ukiwa na mimba, uipunguze, na usikimbilie gari nayo.

Ukisikia kizunguzungu, kifua kuuma, ao ukiona damu, simama, kaa chini, kisha uje hospitali siku ile ile. Usingoje siku ya kliniki.