Daftari la Wafanyakazi Wenye Umri
(Maneno yaliyosomwa mbele ya Mkutano wa Mwaka)



Halmashauri imetutaka tuseme habari za wenzetu waliopita umri wa ujana nao wangali wanatafuta kazi. Twaomba radhi kwanza, kwani si desturi yetu mtoto kumweleza mzee habari za uzee.

Zamani kazi ndiyo iliyomtafuta mtu. Mwaka 1912 serikali ya Waingereza ilimleta Arthur Champion katika nchi ya Wagiriama, na moja katika shughuli zake ilikuwa kupata vijana wa kutumika katika mashamba ya wageni. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza akawakusanya watu Kaya Fungo, wakala kiapo kwamba vijana wao hawatatolewa. Siku hizi watu ndio waitafutao kazi. Lakini mwenye kuandika watu kazi angali anamtaka kijana.

Tazameni hesabu. Kazi Mtaani, iliyoanzishwa mwaka 2020, iliwataka watu wa miaka 18 hadi 35. Inua Jamii, itoayo shilingi 2,000 kwa mwezi, yamngoja mtu atimize miaka 70. Baina ya 35 na 70 pana miaka 35 kamili. Mtu wa miaka 52 akienda mlango huu huambiwa ni mzee, akienda ule huambiwa bado kijana.

Nao si wachache. Kiwanda cha korosho cha Kilifi, kilichoanza katika miaka ya 1970, kilisimama mwishoni mwa miaka ya 1990. Waliokuwa na miaka 30 siku zile sasa wanakaribia 60. Wengine ni wapishi na watandikaji wa mahoteli ya Malindi na Watamu, ambao husimamishwa wageni wakiondoka, na wageni wakirudi hukuta nafasi zao zimeshikwa na vijana.

Mwenzetu mmoja, mpishi wa miaka 54, alitujia tumwandikie barua ya kuomba kazi. Tulipofika kwenye mwaka wa kuzaliwa alitusihi tuuache, nasi tukauacha. Akaitwa. Alipofika langoni, askari alizitazama mvi zake akamwuliza amekuja kumwona mwanawe yupi. Akarudi nyumbani bila kuonana na mtu. Tangu siku hiyo hatuufichi mwaka wa mtu yeyote, bali twatanguliza miaka aliyoifanya kazi. (Mvi katika kaunti yetu zimewaletea wazee balaa kubwa kuliko hiyo, hata kuuawa kwa kusingiziwa uchawi, jambo hilo lahitaji mkutano wake.)

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 27, yakataza mtu kubaguliwa kwa umri wake. Lakini askari wa langoni hana Katiba mkononi. Kwa hiyo tumefungua daftari. Ndani yake twaandika jina la mtu, kazi aijuayo, miaka aliyoifanya, na jina la mtu aliyemwona akiifanya. Daftari hilo tutalipeleka wenyewe kwa wenye mahoteli, wajenzi na shule, kabla ya msimu wa wageni wa Julai. Hatutozi ada. Twalisema hili kwa sababu wako wenzetu waliotoa fedha kwa watu waliojiita mawakala wa kazi, wasiwaone tena.

Limebaki jambo la vyeti. Waashi, maseremala na mafundi wetu wengi walijifunza kwa mikono, hawana karatasi. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, yaani NITA, huwatahini mafundi wa namna hiyo kwa daraja la tatu, la pili na la kwanza, bila kujali kwamba hawakusoma chuoni. Ada ya mtihani ndiyo iwashindayo. Halmashauri yaomba idhini yenu kuwakopesha ada hiyo kutoka katika sanduku la chama. Fedha zilizomo haziwatoshi wote waliokwisha kujiandikisha, nasi makarani hatuna haki ya kuchagua. Twawaomba wazee watuambie tuanze na nani.