Daftari la Kura Halijui Sifa ya Mtu



Kugombea kiti cha Bunge ni safari yenye milango mingi, na kila mlango una ufunguo wake. Habari za Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe katika Nyeri, zaonyesha jambo hilo waziwazi; maana alijitokeza mara nne, akashinda mara moja tu.

Mwaka 1982 kiti cha sehemu ya kwao kilikuwa wazi. Wakati huo alikuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na sheria ilimtaka ajiuzulu kabla ya kugombea. Akajiuzulu. Kisha akaambiwa kwamba hawezi kusimama, kwa kuwa hakujiandikisha upya kuwa mpiga kura mwaka 1979. Yeye hakukubali, akapeleka shauri mahakamani. Lakini hukumu ikatoka dhidi yake siku ile ile ya kupeleka karatasi Nyeri. Alipoomba kurudishiwa kazi alikataliwa; na kwa kuwa nyumba aliyokaa ilikuwa ya Chuo, akatakiwa kuihama. Hivyo, kwa ajili ya mstari mmoja katika daftari, mama wa watoto watatu alipoteza kiti, kazi na makao kwa pamoja.

Mwaka 1997 alisimama tena, akigombea Urais pamoja na kiti cha Tetu. Kwani sheria ya wakati huo haikumruhusu mtu kuwa Rais asipochaguliwa pia kuwa Mbunge. Siku chache kabla ya kura zikavuma habari kwamba amejitoa. Hazikuwa za kweli, lakini uvumi hukimbia kuliko mwenye kuukanusha. Akashindwa.

Mwaka 2002 vyama vya upinzani viliungana katika NARC, na Tetu ikampa kura 98 katika kila 100. Maneno yake yalikuwa yale yale aliyoyasema tangu 1977, alipoanzisha Green Belt Movement na kuwahimiza wanawake kupanda miti. Kilichobadilika ni umoja wa vyama. Mwezi wa Januari 2003 akawa Waziri Mdogo wa Mazingira.

Mwezi wa Oktoba 2004 akiwa safarini kwenda Tetu, alipata habari kwamba ametunukiwa Nishani ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Mjini Nyeri, katika hoteli ya Outspan, akapanda mti akiuelekea Mlima Kenya. Dunia nzima ilimpigia makofi. Hata hivyo, mwaka 2007 alishindwa katika kura ya mchujo ya chama, akasimama kwa chama kingine kidogo, na watu wa Tetu wakamchagua mwingine. Alifariki dunia tarehe 25 Septemba 2011.

Yapo mafunzo mawili hapa. Kwanza, sifa ya ugenini haipigi kura nyumbani. Mwenye kura ndiye mwenye neno, naye haulizwi sababu. Pili, Katiba ya 2010 yataka mgombea awe mpiga kura aliyeandikishwa, ikiwa anagombea Bunge la Taifa au la kaunti. Basi, anayetaka kuwatumikia watu wake na alitazame jina lake daftarini mapema, kabla hajaiacha kazi yake wala kupanda jukwaani.