Pumzi ni Amana: Mazungumzo juu ya Ugonjwa wa Pumu

 



Mliponiomba niseme nanyi katika siku hii ya ukumbusho, bila shaka mlitazamia khabari za misikiti na madrasa, na za wazee waliotutangulia. Khabari hizo wapo wanaozijua kunishinda. Mimi nimechagua jambo ambalo halisemwi sana mimbarini, nalo ni pumu, yaani dhiki ya pumzi. Na khasa pumu ya mtu mzima, mwenye kazi na watoto na swala za jamaa za kuhudhuria. Nimelichagua kwa sababu mimi mwenyewe ninayo, na kwa sababu kwa miaka kadhaa niliificha.

Nilipatwa na pumu nikiwa nimekwisha kupita miaka arobaini. Kwanza nalidhani ni mafua yasiyokwisha. Kila ukifika usiku wa manane kifua kilikuwa kikilia kama filimbi, nami huketi kitandani nikingoja kupambazuke. Daktari akanipa dawa mbili za kuvuta, hizi ambazo wengi wetu huziita pampu. Moja ilikuwa ya buluu, ya pili ya kahawia. Ile ya buluu niliipenda, kwa kuwa kila nilipoivuta nalipata nafuu kabla ya kumaliza kunywa kikombe cha chai. Ile ya kahawia niliivuta siku tatu, sikuona kitu, nikaitia kabatini.

Ikaja Ramadhani ya mwaka 2013, iliyoangukia mwezi wa Julai, katikati ya kiangazi chetu. Vumbi lilikuwa jingi. Mchana kifua kilinibana, nami sikuvuta dawa, kwa kuiogopea saumu yangu. Usiku ningeweza kuvuta, lakini niliona haya: imamu atoe pampu mfukoni mwa kanzu mbele ya maamuma wake? Usiku mmoja, katika tarawehe, sauti ikanikatika katikati ya aya. Nalitaka kuvuta pumzi nisome, pumzi haikuja. Mmoja wa maamuma akasonga mbele akaikamilisha swala, na vijana wakanichukua kwa gari ya jirani mpaka hospitali. Dawa ilikuwa mfukoni mwangu njia nzima.

Daktari wa zamu alikuwa kijana, naweza kumzaa. Nilipopata nafuu akaniuliza, "Mzee, ile dawa ya kahawia unaitumia?" Nikamjibu kwamba ipo nyumbani, nzima. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi, Mzee, umekuwa ukiutibu usiku wako tu. Ugonjwa wenyewe hujaugusa."

Ndugu zangu, maneno hayo ndiyo ninayotaka mwondoke nayo leo. Dawa kubwa ya pumu ni ya siku ya uzima, wala si ya siku ya dhiki peke yake. Nami nitaeleza kwa nini.

Ndani ya kifua mna mirija inayopitisha hewa. Mwenye pumu mirija yake ni myepesi wa kukasirika. Ikiguswa na vumbi, au moshi, au baridi, au mafua, hutendeka mambo matatu: misuli iliyoizunguka hujikaza, ngozi yake ya ndani huvimba, na makohozi mazito huijaza. Dawa ya buluu, ambayo jina lake ni salbutamoli, hulegeza misuli katika muda wa dakika chache, na nguvu yake hudumu saa nne hivi mpaka sita. Lakini uvimbe hauondoi. Uvimbe huondolewa na dawa ya kukinga, kama beklometazoni, nayo hufanya kazi polepole, kwa siku na majuma. Ndiyo maana mtu huivuta siku tatu akadhani haina maana. Wataalamu wa pumu wa dunia, tangu mwaka 2019, hawashauri tena mtu mzima atibiwe kwa dawa ya kulegeza peke yake. Wataka awe na dawa ya kukinga pia, au ile iliyochanganya zote mbili katika kichupa kimoja. Tena msitegemee rangi tu, kwa kuwa watengenezaji hutofautiana. Someni jina, au mwulizeni mwuza dawa.

Mtu asiseme kwamba huu ni ugonjwa mdogo. Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na kwamba iliua watu 455,000. Wengi wa waliokufa ni wa nchi za kipato cha chini kama zetu, ambako ugonjwa haujulikani mapema na dawa ya kukinga haitumiki.

Wala si ugonjwa wa jana. Zaidi ya miaka mia nane iliyopita, huko Misri, alikuwako tabibu Myahudi aliyeitwa Musa bin Maymun, aliyewatibu watu wa nyumba ya Sultani Salahuddin. Aliandika kwa Kiarabu kitabu kizima juu ya pumu, kwa ajili ya mgonjwa mmoja mtukufu aliyetaka kujua kama hewa ya Kairo itamfaa kuliko ya Iskandaria. Tabibu yule hakumwahidi dawa ya miujiza. Alimshauri juu ya hewa safi, na chakula cha kiasi, na usingizi, na utulivu wa moyo, na akalaumu hewa ya miji, yenye uchafu na vumbi na moshi. Twajifunza hapa jambo moja: mwenye pumu yampasa kujua mji wake unamdhuru wapi.

Basi tuutazame mji wetu. Kamembe yetu iko juu ya Ziwa Kivu, ambalo uso wake ni mita 1,460 juu ya bahari, na hewa yake si ya joto kali. Lakini teremka mpaka bonde la Bugarama, karibu na mahali pa chini kabisa pa Rwanda, mita 950 hivi, utakuta joto jingine, na magari ya mizigo yakipita na mpunga na saruji. Tangu Juni mpaka Septemba mvua hukatika, na njia zisizo na lami huwa unga. Mvua zikirudi, vumbi hutua, lakini mafua huingia majumbani, na mafua ni adui mkubwa wa mwenye pumu. Kwa hiyo hatuna msimu wa kuacha dawa.

Mwenye pumu na ajitazame. Akiwa ni fundi seremala, asipige msasa ndani ya chumba kilichofungwa. Akiwa kinuni pa unga, au akifungua marobota ya mitumba, au akiendesha pikipiki, na avae barakoa, ambayo sote tulijifunza kuivaa mwaka 2020. Nyumbani, nyunyizeni maji kabla ya kufagia, na kazi ya kufagia apewe mwingine. Mama zetu, pikeni penye kupita hewa, kwa kuni kavu, na jiko la makaa lisilale chumbani, kwani hilo huua hata asiye na pumu. Na sigara, mwenye pumu asivute, wala asivutiwe karibu yake.

Sasa nije kwetu msikitini, kwa kuwa hapo lawama ni yetu sisi viongozi. Mtu anaposujudu huweka pua yake juu ya zulia. Zulia lisilokung'utwa tangu Idi hadi Idi limebeba vumbi la miguu ya watu wote. Yafaa kamati zetu ziyatoe mazulia nje yakapigwe juani, na yafanyike hayo siku isiyo ya Ijumaa, na wenye pumu wasiwepo. Kufukiza udi ni jambo jema, lakini na lifanywe mapema, madirisha yakiwa wazi, moshi ukatoka na harufu ikabaki. Mtume wetu alimtaka aliyekula kitunguu saumu kibichi asiwakaribie watu msikitini kwa sababu ya harufu yake. Ikiwa harufu tu imechungwa hivyo, moshi unaomfunga Mwislamu pumzi tuuchunge namna gani? Hata katika kutayamamu kwa udongo, yeye alivipuliza viganja vyake kabla ya kupaka uso. Dini haikututaka tulivute vumbi.

Na khabari ya saumu. Dawa ya kukinga kwa kawaida huvutwa mara mbili kwa siku, asubuhi na usiku, na baada yake mtu husukutua kinywa na kutema maji, ili asipate utando mweupe mdomoni. Ndugu zangu, sisi twasukutua kila siku kwa ajili ya udhu! Mimi huvuta yangu kabla ya udhu wa Alfajiri na kabla ya udhu wa Isha, na tangu nilipoifunga na swala sijaisahau. Katika Ramadhani huivuta wakati wa daku na baada ya futari. Mwenye kufanya hivi kwa utaratibu mara nyingi hamalizi mchana akiihitaji ile ya dhiki. Lakini aende kwa daktari wake majuma kadhaa kabla ya mwezi kuandama, wapange pamoja.

Na ikimshika mchana? Wanazuoni wamekhitilafiana: wapo wasemao kwamba dawa ya kuvuta yafunguza, na wapo wasemao haifunguzi. Lakini khitilafu hiyo ni juu ya kulipa siku, si juu ya kuvuta. Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara amemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine, na ametukataza kujitia katika maangamizi kwa mikono yetu. Basi avute papo hapo, wala asingoje magharibi. Ukiwafuata wasemao yafunguza, utalipa siku moja. Mimi niliyeacha kuvuta, nalikaribia kuwaachia wanangu deni ambalo wasingeweza kulilipa.

Jifunzeni pia namna ya kuvuta, kwa kuwa wengi wetu hupulizia ulimi tu. Tikisa kichupa, toa pumzi yote, kisha bonyeza huku ukianza kuvuta polepole, na ushike pumzi kwa hesabu ya kumi. Asiyeweza, na achukue chupa tupu ya plastiki ya nusu lita, iliyooshwa ikakauka, atoboe kitakoni tundu la kukaza mdomo wa pampu, abonyeze humo, na avute kwa mdomo wa chupa mara nne au tano taratibu. Chupa hiyo haigharimu kitu, na inafaa sana.

Mwenzenu akishikwa, msimlaze. Mketisheni wima, mlegezeeni nguo, msimzunguke mkamziba hewa. Apewe dawa ya kulegeza, pumzi moja moja, kuanzia nne mpaka kumi. Akiwa hawezi kumaliza sentensi moja, au midomo inageuka rangi, au anasinzia, au dawa haikumsaidia, msingoje gari la bure. Mpelekeni hospitali, na njiani mrudie dawa. Nami niwaonye juu ya jambo jingine: mtu anayeihitaji ile ya kulegeza zaidi ya mara mbili kwa juma, au anayeamshwa na kifua usiku, pumu yake haijatulia hata akijiona mzima. Na arudi kwa daktari.

Nimalizie kwa haya yetu. Wapo wanaosema pumu huambukiza, wakamtengea mgonjwa kikombe chake. Haiambukizi. Wapo wanaomficha binti mwenye pumu wakikhofia posa. Wapo wanaosema ni jicho au ni jini, wakaacha dawa. Dua ni silaha ya muumini, nami huwaombea wagonjwa. Lakini Mtume alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha amtegemee Mungu. Dua bila dawa iliyopo ni kumwacha ngamia mlangoni bila kamba.

Naiomba kamati ya jumuiya mambo matatu: kila msikiti uwe na siku ya kusafisha mazulia kila mwezi, mfuko wa zaka uwakumbuke wasioweza kulipa mitueli yao ya mwaka, na kila Shaabani aalikwe mhudumu wa afya awafundishe watu kuvuta dawa. Nami naahidi la nne. Tangu mwaka ule wa 2013 siifichi tena pampu yangu. Nikihitaji, huivuta mbele ya safu, maamuma wakiniangalia. Ijumaa moja baada ya swala alinifuata mzee mmoja, akatoa ya kwake mfukoni, akaniambia, "Sheikh, hata mimi." Alikuwa ameificha miaka sita.

Pumzi ni amana, na mwenye amana huulizwa. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu wazee wetu waliotutangulia, na atupe vifua vyepesi vya kumtaja Yeye mpaka mwisho wa pumzi zetu. Amin.