Swichi ya Pampu Inapojiwasha Yenyewe

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya maji)

Leo hatutazungumza juu ya daftari la pesa wala mikopo. Tutazungumza juu ya kile kisanduku kidogo kilicho ukutani katika nyumba ya pampu. Najua wengine wanasema moyoni, "Hayo ni mambo ya fundi." Lakini pesa za kununua mota mpya hazitoki mfukoni mwa fundi. Zinatoka kwenu.

Hebu tuwaambie yaliyotupata sisi wenyewe. Kuna kikundi kimoja cha kina mama tulichokisaidia kuchimba kisima na kuweka pampu ya stima. Ili wasiwe wanaamka usiku kuzima, waliwekewa kisanduku cha kujiendesha: tangi likijaa pampu inazima, na maji ya kisima yakipungua inazima pia. Kisanduku kilitengenezwa na fundi wa jua kali. Sisi ndio tuliokikubali, kwa sababu bei ilikuwa nafuu.

Kwa miezi kadhaa kazi ilikwenda vizuri. Halafu kina mama wakaanza kutuambia, "Mashine ya posho ya jirani ikizimwa, pampu yetu inagutuka hata kama haifanyi kazi." Tukawajibu kwamba stima ya vijijini ndivyo ilivyo. Hatukusikiliza. Usiku mmoja kisima kikapungua, kisanduku kikatoa amri ya kuzima, lakini pampu ikakataa kuzima. Ilizunguka kavu mpaka asubuhi, mota ikaungua. Kina mama wakarudi mtoni na mitungi kiangazi chote. Basi, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa tulionyeshwa, hatukuuziba.

Tulimwita fundi mwingine aliyesomea umeme, akafungua kisanduku mbele yetu. Ndani hamkuwa na swichi ya chuma inayogongana. Palikuwa na kifaa cha miguu mitatu kiitwacho trayaki. Miguu miwili hupitisha umeme wa pampu. Mguu wa tatu huitwa geti. Geti likipewa umeme kidogo, trayaki hufunguka na umeme mkubwa hupita. Ikishafunguka haiwezi kujifunga mpaka mkondo ushuke kufika sifuri. Kwa stima yetu ya Kenya, yenye mizunguko 50 kwa sekunde, mkondo hufika sifuri mara 100 kila sekunde. Kwa hiyo trayaki hupata nafasi nyingi za kufunga.

Sasa matata yako wapi? Fikirini mlango wa boma wenye komeo jepesi. Ukiusukuma polepole, komeo linashika. Ng'ombe akiugonga ghafla, komeo linaruka, na hakuna mtu aliyefungua. Trayaki ni hivyo hivyo. Volti zikipanda ghafla mno, umeme kidogo hupenya ndani yake na kufanya kazi kama ule wa geti. Inafunguka bila kuamriwa.

Kugongwa huko kunatoka pande mbili. Kwanza ni stima ya nje. Volti zetu huitwa 240, lakini kila mzunguko hupanda kileleni kama 340. Mota kubwa ya jirani ikizimwa, au radi ikipiga karibu na nyaya, volti zinaweza kuruka kupita 1,000 kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Ndiyo sababu pampu ya kina mama ilikuwa ikigutuka.

Pili ni mota yenyewe. Ukiwasha balbu ya zamani ya waya, mkondo na volti hufika sifuri pamoja, trayaki inafunga kwa amani. Kwa mota, mkondo huchelewa nyuma ya volti. Mkondo unapofika sifuri, volti tayari ziko juu, zinaiangukia trayaki kwa kishindo. Komeo linaruka tena. Hivyo kila mara inapotaka kufunga inafunguliwa, na pampu haizimi ng'o. Hilo ndilo lililounguza mota.

Dawa yake si ya bei kubwa. Fundi alituonyesha mambo haya:

1. Snaba. Ni rezista na kapasita zikifuatana, zikifungwa kati ya miguu miwili mikubwa ya trayaki, karibu nayo kabisa. Kapasita ni kama bwawa kando ya mlima: mvua ikija kwa nguvu, maji yanajaa polepole badala ya kuvunja mlango. Rezista huzuia kapasita isijimwage yote kwa trayaki inapofunguka. Vipimo vya kuanzia ni omu 100 na maikrofaradi 0.1, kisha fundi alinganishe na mota yenu. Kapasita iwe ya aina ya X2, iliyotengenezwa kwa stima ya nyumba. Ya redio inaweza kulipuka na kuwasha moto.

2. Varista. Hufungwa baada ya fyuzi, kati ya waya wenye moto na waya wa nyutro, iliyoandikwa volti 275 au zaidi kidogo. Hiyo hunyonya volti zinazoruka juu sana. Huchakaa kila inapofanya kazi, kwa hiyo ikaguliwe.

3. Trayaki yenyewe iwe ya volti 800, na nyaya za geti ziwe fupi, mbali na nyaya za mota.

4. Kama pampu yenu huwashwa mara chache tu kwa siku, fikirieni kontakta. Ni swichi ya chuma inayovutwa na koili. Inapiga kelele kidogo, lakini hairuki kwa sababu volti zimeruka. Kikundi kile sasa kinatumia hiyo.

Tafadhali sikieni vizuri hapa. Snaba hupitisha umeme kidogo hata wakati trayaki imefunga. Kwa vipimo tulivyotaja ni kama miliampu 7 na nusu. Mtu mwenye miguu ndani ya maji asichezee umeme wa kiasi hicho. Kwa hiyo msiseme, "Kisanduku kimezima, tuguse pampu." Zimeni meni swichi kwanza, mfunge kwa kufuli, na ufunguo akae nao yule anayeshuka kazini. Waya wa ardhi uwepo daima. Radi ikianza kunguruma, zimeni meni. Snaba haiwezi kushindana na radi.

Mkirudi nyumbani, mwulizeni fundi maswali matatu: Ndani kuna trayaki au kontakta? Kama ni trayaki, snaba iko wapi? Varista iko wapi? Asipoweza kuwaonyesha kwa kidole, msilipe salio.

Na mwisho, wekeni daftari ndogo katika nyumba ya pampu. Mama akiona pampu imegutuka, aandike siku na saa. Mwenyekiti asimwambie kwamba stima ndivyo ilivyo. Sisi tulisema hivyo, na wenye kulipa walikuwa wale waliobeba mitungi.

Sasa tuko tayari kwa maswali yenu.